Nondo katikati ya lundo: kisa cha tripu moja ya mchanga

Nilipofika, hukumu tatu zilikuwa zimeshatolewa. Dereva alisema lundo lile la mchanga lina kyubiki 7, yaani mita za ujazo 7. Fundi alisema 8.84. Kijana wa kidato cha nne, simu mkononi, alisema 11.55, na alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Lundo lenyewe lilikuwa pale pale uani, ni hilo hilo moja, na kuku wawili walikuwa wakijichimbia juu yake.

Hapa ni Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako kiwanja kisichokuwa na lundo la mchanga au kokoto ni kile ambacho mwenyewe bado hajapata hela. Mwenye mji ni mama jirani yangu. Anajenga kidogo kidogo, mwezi huu matofali, mwezi ujao nondo. Alhamisi aliletewa tripu ya mchanga kwa ajili ya jamvi, yaani sakafu ya zege, akalipa sehemu ya hela na kuahidi kumalizia Jumamosi. Siku hizo mbili kila akipita uani alilitupia lundo jicho, na kila akilitupia jicho aliliona limepungua. Dereva alipokuja kwa bodaboda kufuata salio lake, mama akasema haitoki hata shilingi mpaka mchanga upimwe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Naomba uniambie kitu kimoja tu. Nimepunjwa, au ni macho yangu?"

Nimefundisha hisabati mpaka nimestaafu. Maswali ya ujazo wa pia, lile umbo lenye duara chini na ncha juu, niliyoyasahihisha ni mengi kuliko nywele zilizonibaki. Ila pia yenye kesi, yenye mdai na mdaiwa, ilikuwa ya kwanza. Na kilichonivutia tangu mwanzo ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa amekosea kuzidisha au kugawanya. Simu haikosei. Kanuni nayo kijana alikuwa nayo kichwani vizuri kabisa: ujazo wa pia ni theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo, yaani 1/3 × π × r² × h. Sasa mtu mwenye kanuni sahihi na mashine isiyokosea anafikaje kwenye 11.55?

Nikaanza na kijana. Alizungusha kamba chini ya lundo, pale mchanga unapokutana na ardhi, kisha akaipima ile kamba kwa futikamba ya fundi: mita 13.2. Akatumia π ya shuleni, 22/7. Mzingo ni mara mbili π mara nusukipenyo, kwa hiyo nusukipenyo ni 13.2 × 7 ÷ 44, na jibu ni mita 2.1 kamili. Safi. Wala nisingefanya tofauti. Halafu akaweka futikamba mguuni mwa lundo, akaivuta juu kwa kufuata mteremko wa mchanga mpaka kileleni, akasoma mita 2.5. Hiyo ndiyo akaiita kimo. Kitako kina eneo la 22/7 × 2.1 × 2.1 = 13.86, theluthi yake ni 4.62, mara 2.5 inakuwa 11.55.

Dereva alikuwa amesikia namba hiyo kabla yangu na alikuwa ameshaipenda. "Mama, mimi nilisema 7, mwanao anasema 11. Niongezee basi na hiyo ya juu." Watu walicheka. Mama hakucheka.

Urefu alioupima kijana ni wa mshazari, yaani unaofuata mteremko. Kimo kinapanda wima kutoka katikati ya kitako hadi kileleni, na kwenye lundo la mchanga mstari huo umezikwa. Huuoni na huwezi kuulazia futikamba. Nadhani na lugha ilichangia. Sekondari hesabu hizi hufundishwa kwa Kiingereza, na huko vipimo hivi viwili vyote vinaitwa kwa jina lenye neno la kimo ndani yake, kimoja kikiongezewa tu kivumishi cha mteremko. Mtoto akilisikia neno anakimbilia kipimo cha kwanza anachoweza kukigusa. Kwa Kiswahili tuna kimo na tuna mshazari, maneno mawili yasiyofanana hata kwa mbali. Na umbo lenyewe tumelipa jina la mchezo: pia, ile ya mti iliyochongwa ncha, unayoizungushia kamba na kuirusha chini ikazunguka. Ipindue ncha iangalie mbinguni, umepata lundo la mchanga.

Fundi yeye alifanya kinyume. Aliichukua ile ile futikamba, akaivusha juu ya lundo kutoka mguu wa upande huu hadi mguu wa upande wa pili, akapata mita 5. Akasema hicho ndicho kipenyo, nusu yake 2.5. Kwa kimo alisimama kando ya lundo akaona kilele kinamfika kifuani. Mtu wa ujenzi anaujua mwili wake kama rula. Akasema mita 1.35. Kijana akampigia hesabu: 22/7 × 2.5 × 2.5, gawa kwa 3, zidisha kwa 1.35, jibu 8.84.

Unaona kilichotokea? Futikamba iliyopita juu ya lundo haikupima kipenyo. Ilipanda mshazari na kushuka mshazari, 2.5 na 2.5. Kipenyo kinapita chini ya mchanga, na nacho kimezikwa vile vile. Kwa hiyo kijana alikuwa na nusukipenyo sahihi na kimo cha uongo, fundi alikuwa na kimo karibu sahihi na nusukipenyo cha uongo, na uongo wa wote wawili ulikuwa namba moja: 2.5, ule mshazari. Kila mmoja aliupachika mahali pasipo pake. Ungechukua 2.1 ya kijana na 1.35 ya fundi, ungepata 4.62 × 1.35 = 6.24, na mimi ningebaki nyumbani nikinywa chai.

Kanuni inadai vipimo viwili, nusukipenyo na kimo, na lundo limevificha vyote viwili tumboni. Linachokuachia nje ni vingine viwili: mzingo na mshazari. Kazi yote ya kupima pia ya mchanga ni kutoka kwenye hivi vya nje kwenda kwenye vile vya ndani. Theluthi na π ni kupiga hesabu tu.

Kwa mzingo njia ni fupi, kijana alishaipita. Kwa mshazari nilimwomba afikirie amelikata lundo katikati kwa panga kubwa, kutoka kileleni mpaka chini. Uso wa mkato ni pembetatu, na nusu yake ni pembetatu mraba: nusukipenyo kimelala chini, kimo kimesimama, mshazari umeviegemea. Kipeo cha pili cha mshazari ni jumla ya vipeo vya pili vya hivyo viwili. Basi 2.5 × 2.5 = 6.25, toa 2.1 × 2.1 = 4.41, inabaki 1.84. Kipeuo chake ni 1.3565. Fundi alitabasamu, kifua chake kilikuwa kimekosea kwa chini ya sentimita moja.

Ujazo: 4.62 × 1.3565 = 6.27.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama jibu limepotea njia, nami huwa naifanya kabla ya kuamini simu ya mtu. Lijengee lundo sanduku: mraba unaolizunguka chini, upana sawa na kipenyo, na kimo sawa na chake. Hapa ni 4.2 × 4.2 × 1.36, kama kyubiki 24. Pia hujaza robo ya sanduku lake na kidogo juu. Ukitaka hasa ni π gawa kwa 12, karibu asilimia 26. Robo ya 24 ni 6. Mtu akikuletea 11.55 hapo, mrudishe.

Ni hapo dereva alipoingilia, na swali lake ndilo lililokuwa zuri kuliko yote ya siku ile. "Mzee, samahani. Eneo mara kimo naielewa, ndiyo tunavyopima bodi ya lori. Sasa hii kugawa kwa tatu mnaitoa wapi? Maana naona ni mchanga wangu ndio unaogawanywa."

Miaka yangu yote darasani sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeuliza theluthi inatoka wapi kwa sababu inamla hela. Nikamwambia haki yako, ngoja tuone.

Tukatafuta kopo. Lililopatikana lilikuwa na kipenyo cha sentimita 10, tukapiga alama ndani yake kwenye kimo cha sentimita 12. Kisha tukahitaji pia ya karatasi yenye mdomo ule ule na kimo kile kile. Mshazari wake: 5 × 5 na 12 × 12, 25 na 144, jumla 169, kipeuo 13. Kijana akachora kwenye manila duara lenye nusukipenyo cha sentimita 13, akakata humo kipande cha nyuzi 138 (ni 360 × 5 ÷ 13), akakikunja mpaka kingo mbili zikakutana, akabandika kwa selotepu. Hapo yule mshazari aliyemponza alikuwa mkononi mwake, ukingo wa karatasi wenyewe, na kimo kilikuwa hewani ndani ya pia, kisichoshikika.

Dereva akajaza mwenyewe. Akachota mchanga mkavu, akasawazisha mdomo wa pia kwa rula, akamimina kwenye kopo. Mara ya kwanza ulifunika theluthi. Mara ya pili. Mara ya tatu ulifika chini kidogo ya alama, unene wa kidole kidogo, maana manila hupinda na kidole chake kilikuwa kimeibonyeza. Akatikisa kichwa. "Tatu kweli."

Kumimina mchanga si uthibitisho, ni ushahidi wa macho. Kijana alitaka zaidi, nami nilimpa kile ambacho mtu anaweza kukiona bila karatasi. Chukua mchemraba. Chagua kona moja. Nyuso tatu za mchemraba zinakutana kwenye kona hiyo, nyingine tatu hazifiki. Kila uso kati ya hizo tatu zisizofika, uvute mpaka kwenye ile kona: unapata piramidi yenye kitako cha mraba. Zinakuwa tatu, sawa kabisa, na kwa pamoja zinaujaza mchemraba bila kubakiza nafasi. Basi kila moja ni theluthi. Kutoka piramidi kwenda pia, lala na wazo la kukata vipande vyembamba kama mkate: kwa kila kimo, mkato wa pia na mkato wa piramidi vinapungua kwa kiwango kile kile kadiri unavyopanda, kwa hiyo vitako vyake vikiwa na eneo sawa na vimo vyake vikiwa sawa, kila kipande cha huku kina mwenzake wa huko. Mraba au duara, theluthi ni ile ile.

Jambo hili ni la zamani mno. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa kale, alipomwandikia Eratosthenes aliyekuwa Alexandria, alisema aliyeitamka theluthi hii kwanza ni Democritus, lakini bila kuithibitisha, na aliyeithibitisha ni Eudoxus. Akaongeza kwamba Democritus naye apewe sifa yake si haba. Mimi nilipenda sana uungwana huo nilipousoma. Dereva hakuvutiwa, alitaka kujua 6.27 ni namba ya kuaminika kiasi gani.

Swali hilo nalo lina haki yake, na jibu lake lilinishangaza hata mimi. Nikamwambia kijana tujifanye kamba ilivutika na mzingo si 13.2 bali ni 13.4. Nusukipenyo kinakuwa 2.13. Kwa mshazari ule ule wa 2.5, kimo kinashuka hadi 1.31, na ujazo unakuwa 6.22. Tujifanye kamba ililegea, ni 13.0: nusukipenyo 2.07, kimo 1.40, ujazo 6.29. Umekosea sentimita 20 huku au huko na jibu limetikisika kwa lita hamsini tu, mara nyingine hata chini ya hapo. Sababu ni kwamba mshazari ukibaki ule ule, kukipanua kitako kunakishusha kilele, na kinachoongezeka chini kinaliwa juu. Kuna mahali ambapo mambo hayo mawili yanalingana kabisa, nusukipenyo kikiwa kama 0.82 ya mshazari. Letu lilikuwa 2.1 gawa kwa 2.5, yaani 0.84. Na si bahati: mchanga mkavu ukimwagwa hujilaza wenyewe kwenye mwinamo wa nyuzi thelathini na kitu, na mahali pale pa kulingana ni kama nyuzi 35. Mchanga wenyewe unakupeleka pale ambapo kamba mbovu haikuumizi.

Futikamba ya mshazari ni habari nyingine. Mshazari ukiwa 2.45, ujazo ni 5.83. Ukiwa 2.55, ni 6.68. Sentimita 5 tu, upana wa vidole vitatu, na jibu limehama kwa zaidi ya lita 400! Kutoka 5.83 hadi 6.68 ni pengo la 0.85, na kilichokuwa kikigombewa kati ya dereva na mama, 7.06 (ile 7 ya dereva kwa ukamilifu wake) kutoa 6.27, ni 0.79. Maana yake kwa futikamba peke yake tusingeweza kumaliza kesi ile hata tungekesha. Na mshazari ndicho kipimo kibaya kuliko vyote kukishika: juu kuku wamekichimba kilele, chini mchanga umetambaa haujulikani unaishia wapi, na katikati futikamba inalegea au inazama.

Aliyetuokoa ni fundi. Alikuwa kimya kwa muda, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kipande cha nondo ya milimita 12. Akapanda juu ya lundo taratibu, akasimamisha nondo kileleni, kijana akamwangalizia kwa mbali isilale, akaisukuma. Ikashuka ndani ya mchanga mpaka ikagonga ardhi; uwanja ule ni udongo mgumu, sauti ilisikika. Akabana kwa vidole pale nondo ilipotokeza, akaichomoa, tukapima. Mita 1.34.

Kile kimo kilichozikwa kilikuwa kimetoka nje. Ujazo ni 4.62 × 1.34 = 6.19. Na kosa la nondo ni la upole: ukikosea sentimita 2 umekosea lita 92, basi. Ningekuwa na darasa tena ningeanza somo hili kwa nondo na ndoo ya mchanga, ubao ungesubiri.

Yaliyobaki yalikuwa marekebisho. Je, kitako ni duara kweli? Tipa ikimwaga, mchanga haukai duara, unakaa mviringo mrefu kama yai. Huu ulikuwa umekusanywa kwa beleshi siku ile ile ili usizibe njia, kwa hiyo ulikuwa umekaa vizuri. Tulilaza mbao mbili sambamba zikiligusa lundo huku na huku, tukapima nafasi kati yake: mita 4.3 upande mmoja, 4.1 upande wa pili. Ukizizidisha ni 17.63, 4.2 kwa 4.2 ni 17.64. Tukaliacha. Kwa lundo refu zaidi ningekataa kamba, kwa sababu kamba ya urefu mmoja huzingira eneo kubwa kuliko yote ikiwa duara; ukiizungushia yai halafu ukahesabu kama duara, unamzidishia muuzaji.

Mama alikuwa na wasiwasi na kilele kilicholiwa na kuku. Hapa pia ina tabia yake ya ajabu. Sentimita 20 za juu kabisa za lundo lile, ukizichukua zote, ni pia ndogo iliyofanana na kubwa, kimo chake ni kama 0.15 ya kimo chote, na ujazo unakwenda kwa mara tatu ya kuzidisha: 0.15 × 0.15 × 0.15. Inatoka kama lita 20. Ndoo moja! Kuku wangechimba mpaka Krismasi. Nusu ya chini ya lundo, kwa kimo, inabeba sehemu saba kati ya nane za mchanga wote. Wauza karanga wa barabarani wanalijua hili hata kama hawajawahi kuliandika: kile kijikaratasi kilichokunjwa pia kikijazwa hadi nusu ya kimo unaona umepewa nusu, kumbe umepewa sehemu moja ya nane.

Pesa iko miguuni. Kuzunguka lundo kulikuwa na ukanda wa mchanga uliotambaa, sentimita 30 kwa upana, unene wa sentimita 5 upande wa lundo ukipungua hadi kwisha. Kamba ya kijana haikuuhesabu. Tukaukadiria: eneo kama mita za mraba 4.2, unene wa wastani sentimita 2.5, jumla lita mia na kidogo. Ndoo tano, mara tano ya kilele ambacho ndicho kila mtu anakiangalia. Tukaiongezea 6.19 ikawa 6.3.

Basi 6.3, na dereva anasema 7. Amemwibia? Nilimwomba anieleze hesabu yake: bodi ni mita 4.2 kwa 2.1 kwa 0.8, ndiyo 7.06. Hesabu ya sanduku, hakuna cha kubishia, mradi bodi ilijazwa mpaka ukingoni na kusawazishwa. Hilo hakuna aliyeliona. Lori liliingia jioni, likainua bodi, likaondoka.

Na kuna jambo la pili ambalo lilinizuia kumwita mwizi. Mchanga ule ulipakiwa ukiwa na unyevu, mama mwenyewe alisema Alhamisi ulikuwa ukishikana mkononi. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba: utando wa maji huzitenga chembe zisilale vizuri, na ujazo unaweza kupanda hata kwa robo kwa mchanga laini. Ukikauka, au ukilowa kabisa, unarudi. Tulijaribu kwa ndoo. Tulichota mchanga wa ndani ya lundo ambao bado ulikuwa na unyevu, tukajaza mpaka mdomoni na kusawazisha, kisha tukamimina maji taratibu. Mchanga ukazama, ukaacha nafasi ya vidole vitatu juu. Hakuna aliyetoa hata punje.

Kwa hiyo kyubiki 7 za Alhamisi zenye unyevu na 6.3 za Jumamosi baada ya jua la siku mbili zinaweza kuwa mchanga ule ule, au zinaweza kuwa bodi isiyojaa. Pia inapima lundo lililopo. Haipimi lililokuwa kwenye lori. Nilivyoona mimi, kosa lilikuwa kwenye mapatano yao: walikubaliana namba bila kukubaliana inapimwa wapi na lini. Niliwaambia hivyo, na kwamba kama ningekuwa mmoja wao ningegawana ile tofauti. Dereva alinung'unika kuhusu mafuta, mama alinung'unika kuhusu saruji, wakagawana.

Zege lilipoanza wiki iliyofuata mama hakuacha. Toroli la fundi lilipimwa kwa ndoo za lita 20: likisawazishwa linabeba ndoo tatu. Akakaa mlangoni na daftari, akapiga mstari kwa kila toroli lililopita. Lundo lilipokwisha daftari lilikuwa na mistari 102. Mara lita 60, ni 6.12. Pungufu ya hesabu yetu kwa lita 180 hivi, na hizo najua zilikokwenda: nyingine watoto walizichezea, nyingine zilibaki chini zimechanganyika na udongo, beleshi likaziacha.

Tripu ya pili ililetwa na dereva yule yule. Mama alimsimamisha getini kabla hajainua bodi. Kijana akapanda na fito aliyoitia alama sentimita 80, akaichoma mahali pengi. Katikati mchanga ulikuwa umepanda juu ya alama, kwenye kona za nyuma ulikuwa chini. Dereva akashuka bila kuambiwa, akachukua beleshi, akausambaza mwenyewe mpaka ukalala sawa na ukingo. Ndipo ukamwagwa.

Vumbi lilipotulia kijana alikuwa ameshapanda juu ya lundo jipya na ile nondo. "Mwalimu, niangalizie isilale," akasema, akaanza kusukuma.